Tumbusi wa Majabali na Sumu ya Mzogani

Mwezi huu twapenda kuwaeleza wasomaji wetu habari za ndege ambaye karibu kila mtu wa bara amepata kumwona, wala si wengi wampendao. Ndege huyo ni tumbusi. Watu husema kwamba ni mchafu na mlafi, na akionekana akizunguka juu ya kijiji wako wanaodhani kuna msiba unaokuja. Hatutaki kubishana na mtu juu ya uzuri wa tumbusi, maana shingo yake haina manyoya ya kutosha, wala sauti yake si ya kusifiwa. Tutakalo ni kueleza kazi aifanyayo, jinsi anavyozaa, na kwa sababu gani ndege aliyekuwa akionekana kwa mamia amepungua hata anakaribia kutoweka. Habari hizi zawahusu hasa wafugaji, na machifu na wakubwa wa vijiji ambao huletewa mashauri ya simba na fisi.

Tumbusi wa Afrika ya Mashariki si wa namna moja. Yuko mmoja mkubwa kupita wenzake, mwenye ngozi nyekundu iliyokunjamana kichwani na shingoni, na mdomo wenye nguvu kama koleo. Yuko mdogo mwenye mdomo mwembamba, ambaye huonekana machinjioni na majalalani. Yuko mwenye mgongo mweupe, ambaye hujenga tundu lake juu ya migunga. Na yuko huyu tunayetaka kumsoma leo, aitwaye na wataalamu tumbusi wa Rüppell, kwa jina la Eduard Rüppell, Mjerumani aliyesafiri sana katika nchi za kaskazini-mashariki ya Afrika katika karne ya 19. Sisi tutamwita tumbusi wa majabali, kwa kuwa hakai mtini kulea watoto wake, bali hukaa katika kuta za mawe, mahali ambapo hata nyani hafiki kwa urahisi.

Mtu akitaka kumtambua, na atazame manyoya yake. Ni ya rangi ya kahawia iliyoiva, na kila unyoya wa mwilini una ukingo mweupe, hata ndege mzima aonekana kama aliyevikwa magamba ya samaki. Mdomo wa mkubwa ni wa rangi ya manjano hafifu, lakini wa yule mwenye mgongo mweupe ni mweusi. Uzito wake ni ratili 15 hata 20, na akikunjua mabawa, toka ncha hata ncha ni kama futi 8.

Majabali yao yajulikana. Huko Kenya wako Hell's Gate karibu na Naivasha, na Kwenia upande wa kusini. Huko Tanzania wako katika milima ya Gol, mashariki ya nyika za Serengeti. Ukiwa mbali waweza kuona jabali limechorwa mistari myeupe kama lililopakwa chokaa. Chokaa hiyo ni mavi ya ndege, ya miaka na miaka. Hukaa pamoja kama watu wa kijiji kimoja, kila jozi na tundu lake la vijiti na majani juu ya kijukwaa cha mawe.

Na hapa ndipo twapenda msomaji asimame kidogo. Tumbusi jike hutaga yai moja tu. Hataji mawili wala matatu. Mume na mke hupokezana kulilalia kwa muda wa siku kama 55. Mtoto akiisha kuanguliwa hukaa tunduni yapata miezi 5 kabla ya kuruka, na hata akiisha kuruka huendelea kulishwa na wazazi wake kwa muda. Wakati huo wote mmoja huenda kutafuta chakula na mwingine hulinda. Mmoja akifa, mwenzake hawezi kufanya kazi zote mbili, na mtoto hufa kwa njaa juu ya jawe, pasipo mtu kumwona. Tena mtoto yule hazai mwaka ufuatao kama afanyavyo kuku. Hungoja hata afike umri wa miaka 5 au zaidi.

Natufanye hesabu, ambayo walimu waweza kuiandika ubaoni. Tuseme kwa mfano kwamba jabali moja lina tumbusi wakubwa 60, yaani jozi 30. Mwaka ukiwa mwema jozi 20 zafaulu kulea, wapatikana watoto 20. Tuseme nusu yao wafika umri wa kuzaa: ni 10. Basi siku moja ndege 40 wakila mzoga wenye sumu na kufa, zabaki jozi 10, na pengine hata hizo si kamili. Jozi 10 zitalea watoto 6 au 7 kwa mwaka, na watakaokua ni 3. Kurudisha wale 40 kwa kuongeza 3 kila mwaka ni kazi ya miaka zaidi ya 10, ijapokuwa hatukuhesabu hata mmoja atakayekufa kwa uzee au kwa ajali. Mwanafunzi akiisha kuifanya hesabu hiyo, mwalimu na amwulize itakuwaje kama sumu yatiwa tena kila mwaka.

Sasa tuseme juu ya kuruka kwake, maana ndiko kuliko na ajabu. Tumbusi wa majabali hapigi mabawa kwa bidii. Alfajiri hukaa jabalini akingoja. Jua likiisha kupasha nchi moto, hewa yenye joto huanza kupanda juu, naye hujitupa katika hewa hiyo na kuzunguka hata afike juu sana. Kisha huteleza kwenda mbele mpaka apate hewa nyingine ipandayo. Kwa njia hiyo aweza kwenda maili 60 na zaidi kutafuta chakula, kisha akarudi kwa mtoto wake. Yapata mwaka wa 1970, Bwana Colin Pennycuick aliwafuata tumbusi wa Serengeti angani katika eropleni ndogo yenye mabawa marefu, iwezayo kuelea injini ikiwa imezimwa, akajifunza mwendo wao kwa kuruka pamoja nao. Na mwezi wa Novemba mwaka wa 1973, juu ya Abidjan katika Côte d'Ivoire, eropleni iligongana na ndege huyu ikiwa futi 37,000 toka chini. Manyoya yaliyopatikana yalipochunguzwa yakaonekana kuwa ni ya tumbusi wa majabali. Hapana ndege mwingine aliyepata kujulikana kwa hakika kufika juu hivyo; kimo hicho ni karibu mara mbili ya Kilimanjaro.

Watu wengi hufikiri kwamba tumbusi hunusa mzoga. Sivyo. Hawa wetu hutafuta kwa macho. Kila mmoja huzunguka mahali pake angani, naye hatazami chini tu, bali humtazama na jirani yake. Mmoja akiona mzoga na kushuka, jirani aona kwamba mwenzake ameshuka, amfuata. Na jirani wa jirani vile vile. Habari yaenea angani maili nyingi kwa muda mfupi, na mahali palipokuwa na ndege mmoja pana 100. Katika nchi pana ambayo wanyama hufa hapa na pale, desturi hiyo ni busara kubwa, maana hakuna apataye riziki peke yake. Tutaona baadaye jinsi desturi hiyo hiyo inavyowaangamiza.

Wakiisha kushuka, kazi yagawanyika. Tumbusi wa majabali na yule mwenye mgongo mweupe hawawezi kuchana ngozi ngumu ya mnyama mkubwa. Huingia kwa machoni, kinywani na mkunduni, au hungoja yule mkubwa mwenye mdomo wa koleo afungue mlango. Shingo ndefu isiyo na manyoya marefu, ambayo watu huicheka, ndiyo ya kufikia ndani ya mbavu pasipo kuchafuka sana. Wadogo wenye midomo myembamba huokota mabaki. Tumboni mwao mna maji makali sana, yauayo vijidudu vingi vya maradhi ambavyo vingemdhuru mnyama mwingine. Bwana David Houston, aliyewachunguza tumbusi wa Serengeti, alikadiria kwamba nyama iliwayo na tumbusi huko yapita ile iliwayo na simba, fisi na wanyama wengine wala nyama wote kwa pamoja. Nyumbu wahamao hufa kwa maelfu, wengi wao kwa njaa na ugonjwa wala si kwa simba. Bila tumbusi nyama hiyo yote ingeoza juani.

Kule Laikipia wataalamu walifanya jaribio. Waliweka mizoga mahali ambapo tumbusi waweza kufika, na mingine wakawazuia wasifike. Habari zake zikatolewa mwaka wa 2012. Mzoga usioguswa na tumbusi ulichukua karibu mara tatu ya muda kuisha, na wanyama waliokuja, kama fisi na mbweha, walikuwa wengi mara tatu, nao wakakaa pamoja muda mrefu zaidi. Mfugaji ataelewa maana yake mara moja. Wanyama wakikutana pua kwa pua juu ya uvundo, ndipo maradhi yapatapo njia ya kupita.

Mtu akisema hayo ni maneno ya wataalamu tu, na atazame yaliyotokea Bara Hindi. Huko watu wengi hawali ng'ombe. Ng'ombe akifa hutupwa nje ya mji, na tumbusi humla hata ibaki mifupa. Wako na Waparsi, ambao desturi ya dini yao ni kuwaweka maiti wao juu ya minara ili waliwe na ndege. Tumbusi walikuwa wengi kupita kiasi. Kisha baada ya 1990 wakaanza kufa, wala mtu hakujua sababu. Aina moja ilipungua hata kwamba kati ya mwaka wa 1992 na 2007, katika kila ndege 1,000 akabaki 1. Mwaka wa 2004 Lindsay Oaks na wenzake, waliokuwa wakipasua mizoga ya tumbusi huko Pakistani, wakatoa habari kwamba chanzo ni dawa ya maumivu iitwayo diklofenaki, ambayo wenye ng'ombe waliwapa wanyama wao. Ng'ombe akifa na dawa mwilini, tumbusi akimla figo zake huharibika akafa. Dawa hiyo ndiyo ile ile ambayo watu wetu hupewa hospitali kwa maumivu ya mgongo na viungo. Haimdhuru mtu akiitumia kwa amri ya mganga, lakini kwa tumbusi ni kifo. Mwaka wa 2006 Bara Hindi, Nepali na Pakistani zikaipiga marufuku kwa mifugo. Lakini mizoga ilikuwa imekwisha kuachwa kwa mbwa. Mbwa wa mitaani wakaongezeka kwa mamilioni, na wataalamu wa hesabu wakakadiria kwamba kwa ajili ya mbwa hao watu yapata 48,000 walikufa kwa kichaa cha mbwa kati ya 1992 na 2006. Kwa hiyo twawaomba wafugaji wasikubali diklofenaki kwa ng'ombe, wamwulize bwana mifugo dawa iitwayo meloksikamu, ambayo ilijaribiwa ikaonekana haiwadhuru tumbusi.

Walakini katika nchi zetu adui mkubwa si dawa ya maumivu. Ni sumu iliyowekwa kwa makusudi. Simba au fisi huua ng'ombe usiku. Asubuhi mwenye ng'ombe, kwa uchungu, hunyunyiza dawa ya kuua wadudu wa shamba juu ya mabaki, akitumaini kwamba adui atarudi. Pengine adui harudi. Lakini jua likipanda tumbusi wa kwanza huona, hushuka, na jirani zake humfuata, kama tulivyokwisha kueleza. Mwezi wa Februari mwaka wa 2018, karibu na Ruaha huko Tanzania, mzoga wa namna hiyo uliua simba 6 na tumbusi 74. Mwezi wa Desemba mwaka wa 2015 huko Masai Mara vile vile simba walipewa sumu baada ya kuua ng'ombe, na tumbusi wakafa pamoja nao. Dawa iliyotumiwa sana zamani ni karbofurani. Mwaka wa 2009, baada ya malalamiko, watengenezaji wake wakatangaza kuinunua tena kutoka maduka ya Kenya. Lakini dawa nyingine za jamaa yake zikaendelea kutumiwa kwa kazi ile ile.

Ndivyo hesabu ilivyoharibika. Mwaka wa 2015 tumbusi wa majabali aliandikwa katika daraja ya mwisho ya hatari, daraja ambayo baada yake hakuna ila kutoweka porini. Mwaka wa 2016 wataalamu waliokusanya habari za Afrika nzima walikadiria kwamba kwa muda wa vizazi vitatu, yaani zaidi ya miaka 50, ndege hawa wanapungua kwa sehemu 97 katika kila 100. Katika vifo vya tumbusi wa kila aina vilivyoandikwa, sumu ilikuwa sababu ya sehemu 61 katika 100. Sehemu 29 waliuawa kwa ajili ya uganga, maana Afrika ya Magharibi na ya Kusini wako wanaoamini kwamba kichwa cha tumbusi champa mtu kuona mambo yajayo. Na sehemu 9 walikufa kwa nyaya za umeme. Majangili nao wamejua kwamba tumbusi wakizunguka juu ya tembo aliyeuawa, askari wa wanyama huona na kuja. Kwa hiyo hutia sumu mzoga wa tembo ili kuua mashahidi. Mwezi wa Juni mwaka wa 2019 huko Botswana tumbusi zaidi ya 530 walikufa kwa mizoga mitatu ya tembo.

Sisi hatumdharau mfugaji aliyeamka akakuta ng'ombe wake wawili wameraruliwa. Ng'ombe ni ada ya shule, ni mahari, ni maziwa ya watoto. Mtu akimwambia mwenye hasara hiyo ahurumie ndege, aweza kukasirika, tena kwa haki. Lakini na afikiri sumu ile yaenda wapi. Mbwa wake wa kulinda zizi hupita hapo. Watoto wachungao hupita hapo, na dawa hizo hupenya hata katika ngozi. Mvua ikinyesha huteremka kisimani. Na simba mwingine atakuja, maana zizi ni lile lile bovu. Huko Simanjiro wafugaji wamepanda miti hai kuzunguka mazizi na kuifungia wavu wa chuma. Miti hukua, wavu hauanguki, na simba hapenyi. Karibu na Mbuga ya Nairobi, Richard Turere, mtoto wa wafugaji, alipokuwa bado mwanafunzi aliunda taa ndogo zinazowaka na kuzimika zamu kwa zamu, simba akadhani ni watu wanaotembea na tochi. Tena iko fidia. Sheria ya Kenya ya mwaka wa 2013 yataja malipo kwa mifugo iliyouawa na wanyama wa porini, na Tanzania iko kifuta jasho. Twajua kwamba fedha hizo hukawia, wala si sawa na thamani ya ng'ombe. Hata hivyo asiyepeleka habari mapema hapati kabisa. Chifu aweza kusaidia sana hapa kwa kuandika barua siku ile ile, na kuhifadhi nakala.

Ikiwa sumu imekwisha kutiwa, mambo ni haya. Dalili zake ni ndege kadhaa waliokufa karibu karibu, makucha yao yamekunjwa kama ngumi, na mara nyingi nzi waliokufa juu ya nyama. Mtu asiguse kitu kwa mkono mtupu, wala asisimame upande upepo uendako. Na awafukuze ndege na mbwa, aweke walinzi, apeleke habari kwa askari wa wanyama mara moja, siku hiyo hiyo, maana kila saa ya mchana yaleta ndege wengine. Mizoga yote, pamoja na tumbusi waliokufa, yapasa kuchomwa hata iwe majivu kisha majivu yafukiwe, kwa kuwa ndege mwenye sumu naye ni chambo kwa mwingine. Kuchoma kufanywe baada ya askari kuja na kuchukua vipande vya kupimwa, nao ndio wajuao kukaa mbali na moshi. Tumbusi aliye hai lakini dhaifu awekwe kivulini, asimwagiwe maji kinywani. Wako waliopona wakiwahiwa.

Walimu walio karibu na majabali tuliyoyataja waweza kuwapeleka wanafunzi, wakakaa mbali kiasi cha kutowashtua ndege walioko tunduni, maana mzazi akiruka kwa hofu yai laweza kuanguka. Wakati mzuri ni saa tatu hata saa nne asubuhi, mawe yanapoanza kupata joto, na ndege wa kwanza hujitupa toka jabalini. Na wahesabu kwanza walioondoka, kisha matundu yenye mtoto, waandike tarehe. Waende tena mwezi ule ule mwaka ujao, wakahesabu toka mahali pale pale.